Jicho Lililotumwa Iowa

Mkuyuni,
Mwanza.
Jumapili, 28 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Shigela,

Shikamoo. Najua utaitika marahaba huku umekunja uso, lakini itika tu. Heshima yangu kwako haijapungua hata chembe. Kilichopungua ni uoga.

U hali gani huko? Mgongo unaendeleaje? Na ile dawa ya presha unaimeza kila siku, au umerudia mchezo wako wa kusahau? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima wa afya. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatembea mpaka gatini Kamanga na kurudi bila fimbo, na akifika huko anawauliza mabaharia wa kivuko kwa nini wamechelewa, kana kwamba kivuko ni chake. Baba mdogo Mayala aling'oa jino wiki iliyopita, na sasa anaongea kwa kupuliza. Mvua bado haijaanza ila mawingu yamekuja kuchungulia mara mbili.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Leo ni wiki ya nne. Barua hii anakuja nayo Hiral, binti wa mzee Ramesh wa duka la nyavu, ambaye anakwenda kusoma Chicago na ameahidi kuitia posta akishafika. Simu unaweza kuizima. Karatasi itakaa hapo mezani ikikutazama mpaka uifungue.

Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma mara nyingi hata naweza kuusema bila kuutazama. Umesema ulinialika nije kutembea, nione mji, nile, nilale, na mimi nikarudi kukuvua nguo mbele ya wazee. Umesema nimeiharibu safari ya mama. Umesema ukisubiri kitu kutoka kwangu ni neno moja tu, samahani.

Basi kaka, vuta kiti ukae. Neno hilo halimo katika barua hii. Usilitafute mwishoni, hata huko halipo.

Nikukumbushe kwanza nilikuja kufanya nini, maana naona umechanganya. Wewe ulisema nimekuja matembezi. Mama alisema nimekwenda kama jicho. Unajua kabisa kwetu jicho ni nini. Babu Maige alipotaka kuhama Kwimba, hakubeba hata jembe kabla dada yake hajavuka maji na kulala huku siku saba. Mahali pa kwanza alipakataa, akasema watu wake wanajibu salamu kwa kuinua kidevu tu. Mahali pa pili palikuwa Kamanga, ndiyo maana sisi ni watu wa Kamanga. Jicho halisemewi na mwenyeji. Linatazama lenyewe, linarudi, linasema kila kitu mbele ya watu, kitamu na kichungu. Na ambaye ameondoka bila jicho kumtangulia, katika ukoo wetu huhesabiwa msafiri, hata akae miaka thelathini.

Wewe ulipotaka mama ahamie kwako, afunge nyumba ya Kamanga na kuja kukaa Des Moines moja kwa moja, ulitegemea tutafanyaje? Tumpakie ndegeni kama mzigo wa dagaa? Mama alisema Selina aende akatazame. Wewe mwenyewe ulicheka kwenye simu, ukasema vizuri, aje aone, akirudi huko mtagombania nafasi. Mimi kazi yangu unaijua. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakagua sangara kiwandani Nyakato. Nafunua mashavu, nabonyeza nyama, natazama jicho, na samaki nisiyemwamini hapiti hata meneja anune. Ulimwita mkaguzi nyumbani kwako, kaka, halafu umeshangaa kwamba alikagua.

Sasa nianze na kitamu, maana nacho nilikisema mbele ya wazee, ingawa kwenye ujumbe wako hukukigusa.

Nilisema mji wako ni mzuri. Nilisema ni msafi kiasi kwamba nilitembea na ganda la ndizi mkononi nusu saa kwa aibu ya kulitupa. Nilisema mahindi ya Iowa sijapata kuyaona hapa duniani. Tulipotoka nje ya mji na gari lako, saa nzima ni mahindi, kulia mahindi, kushoto mahindi, na hakuna mtu hata mmoja mwenye jembe. Baba mdogo Mayala hakuniamini, akataka kujua nani anayepalilia. Nikamjibu kwamba sikuona mtu wa kumuuliza.

Nilieleza lile jengo la serikali la jimbo, lenye kuba la dhahabu. Ulinisimamisha mbele yake ukanipiga picha kumi na nne, mpaka shingo ikaniuma. Ulinieleza kwamba dhahabu ile ni ya kweli, ukanitazama kama vile unangoja nizimie. Kaka, sisi tumekulia hatua chache kutoka Geita. Dhahabu tunaijua ikiwa na udongo wake. Kwetu watu wanaishukia shimoni na wengine hawapandi tena, na huko imepakwa juu ya paa ili njiwa wakae. Sikuzimia, lakini nilikubali kwamba inang'aa.

Nilieleza pia zile njia za ndani zilizojengwa juu ya barabara, za kioo, kutoka jengo hadi jengo, ili watu wasipigwe na baridi. Uliniambia mama atatembea humo wakati wa theluji, atanyoosha magoti bila kuvaa hata sweta. Ni kweli, ni kazi ya ufundi, na nilisema hivyo. Lakini nilisema na hili. Tulitembea humo mchana wa siku ya kazi, wewe na mimi, nikahesabu watu tuliopishana nao. Walikuwa sita. Wanne walikuwa wanaongea na simu, mmoja alikuwa anafagia, na wa mwisho nilimsalimia akageuka nyuma kuona namsalimia nani. Mama hawezi kufika gatini bila kusimama mara kumi, na nusu ya dawa ya magoti yake ni huko kusimama.

Kuhusu ng'ombe wa siagi, nakushukuru kwa dhati. Siku uliyonipeleka kwenye maonyesho ya jimbo ndiyo siku niliyokuona ukiwa mchangamfu kuliko zote. Tulipanga foleni, tukasukumwa, tukafika kwenye lile jokofu la kioo, na ndani yake ng'ombe mzima, kiwele kimejaa, mishipa ya tumbo inaonekana, yote siagi tupu. Wasukuma tumeona ng'ombe wengi, lakini ng'ombe anayehifadhiwa asiyeyuke, sijawahi. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza jina lake ni nani. Nikamwambia hana jina. Kicheko kikakoma pale pale, akasema watu gani wanaweza kufanya kazi yote hiyo wakasahau kumpa ng'ombe jina.

Na ile bustani ya sanamu katikati ya mji. Ulinionyesha yule mtu mkubwa mweupe aliyekaa amekumbatia magoti, aliyetengenezwa kwa herufi tupu, ndani hamna kitu. Ulisema watu wanatoka mbali kuja kupiga naye picha. Niliingia ndani yake nikasimama. Nilitazama huku na huku, nikakuona wewe nje kupitia matundu ya herufi, umeshika simu, unaniambia nitabasamu. Sikutabasamu, na uliniuliza kwa nini, nikakuambia jua. Haikuwa jua. Niliwaza kwamba hivi ndivyo tulivyo na wewe kwa miaka kumi na tisa, herufi tu kwenye kioo cha simu. Tunaandikiwa tunajibu, na katikati hapo hatujui kama kuna mtu au upepo.

Sasa nije kwenye kichungu, ambacho ndicho kilichokununisha.

Siku ya tatu uliondoka alfajiri kwenda kazini, ukaniachia ufunguo, chakula kwenye jokofu, na maelekezo ya kuwasha televisheni. Televisheni sikuiwasha. Jicho halitazami televisheni. Nilioga, nikafunga kitenge changu cha Pasaka, nikatoka kwenda kuwasalimia majirani, kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya akifika ugenini. Nilifikiri hata ulikuwa umewaambia kwamba dada yako amekuja.

Nyumba ya kwanza nilipiga hodi na mlango ukanijibu. Sauti ya mwanamume ilitoka kwenye kengele, ikauliza kama nimeleta mzigo. Nikasema hapana, nimeleta salamu. Ikauliza tena kuhusu mzigo. Nikainamia ile kengele nikaisalimia vizuri, nikaitakia siku njema, nikaenda zangu. Nyumba ya pili palikuwa kimya. Nyumba ya tatu ndiyo ya Marlene.

Wewe ulikuwa humjui Marlene kwa jina, kwa hiyo nikueleze. Ni yule bibi wa nyumba ya rangi ya kijani, mwenye nywele nyeupe fupi, umri wake miaka themanini na mmoja. Alifungua mlango, akaniangalia mimi, akakiangalia kitenge, akasema karibu ndani, kahawa iko tayari. Kiingereza changu ni cha sekondari na cha kubishana na wanunuzi wa minofu, lakini kilitosha. Nilimwambia mimi ni dada wa mtu wa nyumba ile. Akasema, ooh, yule wa gari la kijivu.

Kaka, umekaa mtaa huo miaka sita. Miaka sita unatupa taka siku moja na mwanamke yule, na jina lako kwake ni gari la kijivu.

Halafu akaniuliza kama umepona. Nikamuuliza umepona nini. Akasema mwezi wa kwanza, siku ya theluji nyingi, aliona gari la wagonjwa limesimama mlangoni kwako, ukatolewa kwenye machela, na taa za nyumba zikabaki zinawaka siku nne. Alitaka kuuliza ila hakujua amuulize nani. Alisema kila asubuhi alikuwa anatazama dirishani kuona kama zimezimwa.

Nilikunywa ile kahawa mpaka mwisho kwa sababu ya adabu tu. Mwezi wa kwanza, kaka, siku hizo hizo, ulimtumia mama ujumbe kwamba umebanwa na kazi, na mkeo Queen anamsalimia.

Nilirudi nyumbani kwako nikaanza kukagua kweli kweli. Ndiyo, nilifungua makabati. Nilifungua na stoo. Mswaki ni mmoja. Viatu vya mwanamke hakuna, hata kandambili. Kitanda chako kimelaliwa upande mmoja, na upande wa pili umejaa nguo ulizofua usizokunja. Uliponipokea uwanja wa ndege uliniambia Queen amesafiri kikazi. Mkeo hakusafiri kikazi. Mkeo, kama ulivyokuja kukiri, ameondoka miaka mitatu iliyopita, na kwa miaka mitatu hiyo umekuwa unamletea mama salamu za mtu ambaye hayupo.

Jioni ulipoingia hukuja na swali la umekula nini. Ulikuja na simu mkononi. Yule wa kengele alikuwa ameiweka picha yangu kwenye kundi la mtaa, na kuuliza kama kuna anayemfahamu mwanamke huyu anayegonga milango. Nilijitazama. Kitenge kilikuwa kimenikaa vizuri. Wewe ulikuwa unaona aibu. "Hapa watu hawafanyi hivyo, Selina," ulisema, na ukalirudia hilo mara nne, huku na huku sebuleni. "Hapa watu hawafanyi hivyo." Kisha ukatoka kwenda kuomba radhi mlango kwa mlango kwa niaba yangu. Nilikutazama dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka sita, kuwapigia hodi majirani zako.

Ulikaa kwa Marlene karibu saa nzima. Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kunawa uso. Usifikiri sikuona.

Sikukuuliza siku ile, wala wiki iliyofuata. Nilikungoja uniambie mwenyewe. Tulikwenda kuona ile bustani ya kioo yenye migomba ndani, ukanionyesha mgomba kama vile sijawahi kuuona, nami nikaupapasa, nikausikitikia kwa kukua ndani ya kibanda cha joto la umeme. Tulizunguka ziwa lenu dogo kwa miguu. Ulinisimamisha kwenye daraja lake na kunieleza kwamba linawashwa taa za rangi. Ni zuri. Nikakuambia la Kigongo kwenda Busisi limefunguliwa mwezi wa sita, kilomita tatu na zaidi, nawe ukaguna. Hulijui, kaka. Ulipoondoka hapakuwa hata na nguzo. Mambo mengi ya huku huyajui, na unazungumza juu ya Mwanza kana kwamba tuliifunga siku uliyopanda ndege. Mji wako, pamoja na kuba lake, unaingia Mwanza mara kadhaa na nafasi inabaki. Umezoea kutuonea huruma, nasi tumezoea kuonewa. Mimi nimeacha.

Uliniambia ukweli siku ya mwisho, uwanja wa ndege, nikiwa nimeshashika pasi. Uliniambia kuhusu Queen, kuhusu moyo wako uliokubana ukiwa jikoni, na jinsi ulivyojikokota sakafuni kutafuta simu ili uite gari la wagonjwa wewe mwenyewe. Kisha ukanishika kiwiko, kama ulivyokuwa ukinishika tukiwa watoto ukivunja kitu, ukasema mama asijue.

Sikukujibu. Nataka hilo likumbukwe. Sikusema ndiyo. Nilikukumbatia nikapita kwenye geti, na nililia mpaka mhudumu wa ndege akaniletea maji mara mbili.

Jumamosi ya tarehe thelathini mwezi wa nane tulikaa Kamanga, uani kwa mama. Alikuwepo mama, baba mdogo Mayala, shangazi Kabula, na jirani yetu Justa, kwa sababu Justa ndiye anayelala na mama mvua ikiwa kali. Nilisema yote. Nilianza na mahindi na dhahabu na ng'ombe wa siagi, wakacheka. Kisha nikasema na mengine, kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi. Mswaki. Gari la kijivu. Taa zilizowaka siku nne.

Hilo ndilo unaloliita kukuvua nguo. Kaka, ulikuwa uchi tayari, peke yako, katikati ya theluji, na hakuna aliyejua kwamba anatakiwa kukuletea shuka. Wewe unaona nimetoa siri yako nje. Mimi naona nimeileta nyumbani.

Na ungejua mama alifanya nini usingeninunia. Hakulia. Hakusema habari ya Queen, wala hakuuliza kwa nini ulimdanganya. Aliuliza swali moja tu. "Alipoita, nani aliitika?"

Nikamwambia, waliitika watu wa gari la wagonjwa.

"Wanalijua jina lake?"

Nikasema walilisoma kwenye kitambulisho.

Justa akaanza kufuta macho kwa ncha ya khanga. Mama akainuka, akaingia ndani, tukasikia anavuta kitu. Alikuwa anaburuta godoro la chumba chako. Baba mdogo Mayala akakimbia kumsaidia, akafukuzwa. Alilitoa peke yake, na magoti yale yale, akalianika juani juu ya mawe, akalipiga na fimbo mpaka vumbi likaisha. Aliporudi kukaa alikuwa anahema. Ndipo akasema uamuzi wake, na nilimwomba aurudie ili niuandike jinsi alivyosema.

Amesema haji. Makaratasi ya viza yaliyokubaliwa yabaki yamekubaliwa, lakini kwenye usaili wa ubalozini Dar es Salaam hataenda. Usinitupie mimi lawama hiyo. Mimi pia nilidhani ni maneno yangu yamemkatisha tamaa, nikaanza kumwambia kwamba njia za kioo hazina baya na kwamba Marlene ni mtu mwema. Akanicheka. "Mimi nilijua siendi tangu siku ya kwanza," alisema. "Baba yenu yuko pale," akaonyesha kaburi kwa kidevu, "nani atamfagilia? Wewe ulidhani nilikutuma ukanitazamie mimi?"

Wiki tatu nzima nilipita katika mji wako nikipima ngazi zitamchosha mama au la, baridi itamuumiza au la, na kanisa liko umbali gani. Kumbe sikutumwa kwa ajili yake. Nilitumwa kwa ajili yako.

Wewe uliondoka kwa haraka, kaka. Viza ya bahati nasibu ilitoka, ukauza baiskeli, ndani ya siku kumi na moja ulikuwa umekwenda. Hakuna aliyekutangulia. Hakuna aliyelala siku saba mahali pale akarudi kutuambia kama watu wake wanajibu salamu. Mama amelibeba hilo miaka kumi na tisa na hakumwambia mtu. Ulipomwita kwako ndipo alipoona mlango wa kupeleka jicho, hata kama limechelewa. Hukumwita mama ili umtunze. Usinibishie, nimeona upande wa pili wa kitanda chako. Ulimwita ili awepo mtu wa kuitika.

Kwa hiyo hukumu ya mama ni hii, na wazee wameikubali. Jicho lilikuwa halijatumwa, basi hukuhama. Wewe ni msafiri. Umekawia sana, lakini msafiri ni msafiri, na chumba cha msafiri hakipewi mtu mwingine. Godoro linaanikwa kila Jumamosi tangu siku ile. Jumamosi iliyopita nilikwenda nikamkuta ameshalitoa kabla sijashuka kwenye kivuko.

Sikuambii uache kazi kesho. Mimi si mtoto. Najua una miaka michache ufikie kustaafu, na huku maisha hayagawiwi bure mlangoni. Lakini usiniambie tena kwamba mama anahitaji kuokolewa. Mama akikohoa, Justa anauliza kutoka upande wa pili wa ukuta. Akichelewa gatini, mabaharia wanatuma mtu. Anayehitaji kuokolewa tunamjua, na sasa tunamjua sote, na hilo nililifanya mimi, na ningelirudia tena kesho asubuhi, mbele ya wazee hao hao.

Kuna jambo moja nakuagiza, na ukiliona kama amri ya mdogo kwa mkubwa, sawa, ni amri. Kabla hujajibu barua hii, vaa viatu, nenda nyumba ya kijani, umpigie hodi Marlene. Kama jioni ile hukumwambia, mwambie unaitwa Shigela. Mfundishe alitamke mpaka aliweze. Mwachie na namba yangu ya simu, ili siku nyingine taa zikiwaka siku nne, ajue wa kumuuliza.

Shangazi Kabula anakusalimu, anasema ng'ombe wa siagi hataki kumwona ila mpwa wake anataka. Baba mdogo Mayala anakusalimu kwa kupuliza. Justa anasema mti wa mpera nyuma ya chumba chako umezaa sana mwaka huu na wanaokula ni popo. Mzee Ramesh anasema bado anakumbuka ulivyokuwa ukimsaidia kushona nyavu. Mama hasemi anakusalimu. Anasema salamu yako utaichukua mwenyewe.

Mungu akulinde njiani, maana njiani ndipo ulipo. Akupe moyo unaopiga sawasawa, na miguu inayokumbuka ilikotoka.

Mji wako ni mzuri, kaka, nimeutembea na nimeutazama kwa haki. Lakini kazi ya mkaguzi ni kugonga muhuri au kukataa kugonga, na mimi muhuri wangu nimerudi nao Kamanga, mkavu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia mwaka mzima,

Selina